Mwenye Mwili Ndiye Mwenye Jibu

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, hakuna shuka linaloingia wala kutoka bila Mama Mashuka kujua. Jina hilo alipewa na wafuaji wenzake, naye hakulikataa. Ni mwanamke wa kupanga. Ukimkuta anakula, atakupangia na wewe utakachokula. Mumewe alikubali yaishe tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na kusema kweli anaonekana mwenye afya.

Mchana, mashine kubwa zikizunguka, huketi juu ya furushi la mataulo, akatoa simu na kugeuka mtu mwingine. Huko, kwenye kundi la kutunga hadithi, huitwa Ukuta, mwanamke ambaye risasi, moto na magari ya kurushwa humgonga kifuani na kuanguka chini. Wako watu kumi na tisa kwenye kundi hilo la simu, kila mmoja na shujaa wake mwenye nguvu za ajabu, na kwa miaka mitatu wamekuwa wakiandika kwa zamu hadithi ya mji mmoja wa kubuni. Mwalimu wa hesabu ndiye adui mkubwa, Bwana Vumbi, na ubaya huo anaufurahia kupita kiasi. Mdogo wake Mama Mashuka, mshonaji wa sare za shule, ndiye Mwangwi, binti anayesikia kilio kutoka pembe yoyote ya mji. Yeye ndiye aliyemwingiza dada yake kundini.

Kundi lina sheria moja isiyochezewa. Andika mkono wako, usiandike mwili wa mwenzio. Ukitaka kumpiga mtu ngumi, andika kwamba umeirusha. Kama imempata au ameikwepa, atasema mwenyewe zamu yake ikifika. Hata kumwokoa ni hivyo hivyo. Msimamizi wao, karani wa mahakama asiyejua mzaha, huifupisha kwa maneno machache: mwenye mwili ndiye mwenye jibu.

Nje ya kundi, lakini, dada mtu alikuwa amefanya jambo. Mama yao mzazi alikuwa akiishi kwa mdogo, kwenye chumba na sebule juu ya duka lake la kushonea. Mama Mashuka aliona hapamfai: ngazi nyingi, na cherehani hazinyamazi. Siku moja, mdogo akiwa amekwenda kupeleka sare, alifika na gari la kukodi, akafunga nguo za mama kwenye sanduku na kumhamishia kwake. Mezani aliacha karatasi: "Usijali, nimeshapanga." Tangu siku hiyo, miezi miwili sasa, mdogo hakupokea simu yake. Walikutana kule kwa Bwana Vumbi tu, Ukuta na Mwangwi wakipigana bega kwa bega, na Mama Mashuka akajifariji kwamba damu ni nzito kuliko maji.

Wiki hiyo Mwangwi alikuwa ananing'inia ukingoni mwa mnara, na Bwana Vumbi ameinua buti juu ya vidole vyake. Ukuta akanyoosha mkono. Zamu ikawa ya mdogo. Jumatatu kimya, Jumanne kimya, Jumatano kimya. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na mshonaji hana hata nafasi ya kuvuta pumzi. Alhamisi uvumilivu ukamwisha Mama Mashuka. Akaandika: "Mwangwi akaushika mkono wa Ukuta. Akavutwa juu, akalia kwa furaha, akashukuru sana."

Karani aliyafuta maneno hayo papo hapo na kumfungia wiki nzima. Hilo angelimeza. Lakini mdogo naye alijitokeza, akaandika, "Hata huku?", kisha akajitoa kundini.

"Mimi nilikuwa namwokoa!" Mama Mashuka alimlalamikia mama yake jioni, huku akimfunika miguu kwa blanketi. "Angening'inia pale mpaka lini?"

Mama akalivuta lile blanketi na kuliweka kando. "Mpaka aseme mwenyewe. Si ndiyo sheria yenu?"

"Lakini mama..."

"Na mimi, uliniuliza?"

Mama Mashuka akaliacha blanketi pale pale lilipowekwa. Kwa mtu kama yeye, hilo ni tukio. Aliona aibu, ile ya mtu mzima, isiyo na pa kujificha. Miezi miwili alikuwa amempikia, amemfungulia dirisha, amemchagulia hata upande wa kulalia, na hakuwahi kumwuliza swali ambalo hakuwa amelijibu tayari.

"Sikukuuliza," alisema. "Nisamehe, mama. Unataka kukaa wapi?"

"Kule kwenye kelele," mama akajibu bila kusita. "Nikizisikia, najua mwanangu yupo. Hapa mchana kutwa nasikia friji. Lakini naye ana kazi zake. Mwulize kama ananitaka."

Kesho yake, juu ya mataulo, alimwandikia mdogo wake. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na siku ya kuhama, saa ya gari na mahali pa kuweka kitanda. Akaufuta. Wa pili ulikuwa na sababu zake zote, saba. Nao akaufuta. Uliokwenda ulikuwa huu: "Nilimchukua mama bila kukuuliza wewe wala yeye. Nimekosa. Anataka kurudi kwako. Unasemaje?"

Vidole vikamwasha kuongeza kidogo tu. Ikabidi aikalie mikono. Mashine ya kwanza ikamaliza, ya pili ikamaliza. Wenzake wakamwita kwa mashuka ya wodi, naye akasema, "Anzeni wenyewe," wakabaki kutazamana.

Jibu likaingia: "Hapana, si sasa. Nikimaliza sare nitakuja kumchukua mwenyewe. Usimlete."

Machozi yakamlenga. Akaandika, "Lakini ngazi," akafuta. Akaandika, "Nitakusaidia," akafuta. Kisha akaandika neno ambalo hakulizoea kabisa.

"Sawa."

Simu ikaanza kulia mkononi mwake. Alikuwa mdogo wake.