Maaskofu wa Akka na Muhuri wa Mauza

Mauza Sheikhan, jirani yangu mwenye steshenari hapa Mtaa wa Sikukuu, hamwamini mtu. Hata mimi, Husna, muuza vitenge niliyekaa naye miaka yote hii, nikiazima mkasi wake ananifuata kwa macho mpaka niurudishe. Simlaumu sana. Aliwahi kumchapia mteja cheti, kumbe cha kughushi, akalala mahabusu siku mbili.

Juzi alikuja Benjamini, frateri mpole anayesomea upadri, na utafiti wake wa chuo: orodha ya maaskofu wa Akka, mji ulioshikwa zamani na Wapiganaji wa Msalaba huko Palestina. Kesho yake saa nne asubuhi awe ameukabidhi, la sivyo anarudia mwaka. Mauza alichapa vizuri mpaka ukurasa wa arobaini, akasimama.

"Husna, njoo uone! Huyu anataka kuniingiza mjini. Akka imetekwa mwaka 1291, hao wapiganaji wake wamekimbia wote, yeye bado ananiletea maaskofu!"

"Ni kweli, mama," Benjamini akasema. "Waliendelea kuteuliwa. Walikaa Ulaya na cheo chao. Kukiacha kiti wazi kungekuwa kama kukubali kwamba mji umekwenda."

"Askofu wa mji asioukanyaga? Sichapi. Nikalale ndani tena kwa ajili yako?"

Machozi yakamlenga kijana. Nilikuwa nataka kumtetea, mara akaingia Kuruthumu, mama lishe wa kona ya pili.

"Shikamoo mwenyekiti. Naomba unigongee muhuri kwenye barua yangu."

"Marahaba." Mauza akagonga bila hata kuisoma: MWENYEKITI, UMOJA WA WANAWAKE, SOKO DOGO.

Benjamini akausoma muhuri, akauliza kwa adabu soko hilo liko wapi, apitie siku moja.

Kuruthumu akachukua barua yake, akaondoka. Soko lilivunjwa miaka kumi na moja iliyopita, sasa pale pana ghorofa la maduka ya simu. Tuliahidiwa kurudishwa. Bi Salma alikuwa mwenyekiti wetu mpaka akafariki. Tukamchagua Maimuna, naye akahamia Kigamboni. Ndipo tukamchagua Mauza, na mwaka jana tukamrudisha kwa kura.

Mauza akaigeukia kompyuta, akamalizia kuchapa, printa ikaanza kutoa karatasi.

"Hao maaskofu wako," akauliza, mgongo kwetu, "walirudi?"

"Hapana, mama."

Kijana alipoondoka, Mauza akaufuta muhuri taratibu kwa kitambaa.

"Husna, sisi tutarudi?"

Nikamwambia tutarudi. Akanitazama kama anavyowatazama wateja wake.