Kahawa Moja kwa Mmarekani

Mwaka ule wa mashindano ya dunia ya sataranji, baba yetu alikuwa na miezi michache kaburini, na mama alikuwa ametangulia zamani. Nilikuwa mkubwa wa watoto wanne. Shule niliiachia darasa la tano, mama alipoanza kuugua, ili niwalee wadogo zangu. Sikuwa na kitu kingine cha kuacha isipokuwa kibanja, na hicho nilikuwa nimeshaamua kwamba sitakiacha.

Kibanja chetu kiko karibu na Nshamba, migomba na mibuni ikichanganyika mpaka ukutani kwa nyumba. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi Kanazi, alikitaka. Siku ya kumaliza matanga alichukua muhoro wa baba, lile panga lililopinda tunalotumia migombani, akaondoka nao. Kwetu anayeshika muhoro wa marehemu ndiye anayekitawala kibanja mpaka ukoo useme vingine. Mrithi alikuwa mdogo wangu wa kiume, lakini ndiyo kwanza alikuwa anang'oa meno ya utoto. Basi baba mdogo akapanga kila kitu: yeye atatunza kibanja, wavulana wawili watahamia kwake, mdogo wangu wa kike atapelekwa Kashai kwa ndugu akalee mtoto, na mimi nitafutiwe mume. Alitugawa kama vyungu vya marehemu.

Kikao cha kwanza cha ukoo kilifanyika nyumbani kwake. Nilikwenda. Nilipofungua mdomo mzee mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Binti, kawasaidie wenzako jikoni." Nikamenya ndizi huku nikisikia kesi yangu ikizungumzwa ng'ambo ya ukuta. Kikao cha pili kiliitishwa huko huko. Sikwenda. Nilituma neno kwamba kesi ya kibanja isikilizwe kibanjani, penye mipaka, la sivyo sitafika. Jibu lililorudi ni kwamba baba mdogo alisimama mbele ya wazee akasema, "Asiyefika amekubali." Wazee hawakumpinga, ila hawakuwa wamefunga kesi.

Siku hizo nilikuwa nauza maharage na njugu mawe kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja mzee, mzaliwa wa Bukoba, aliyeongea Kihaya vizuri kuliko baadhi ya vijana wetu. Redio yake ilikuwa haizimwi, kwa sababu ya habari za Wahindi wenzake wa Uganda, walioanza kuandamwa na serikali ya huko. Katikati ya habari hizo ndipo lilipokuja jambo la sataranji: Mrusi, bingwa wa dunia, anacheza na Mmarekani, mbali huko kwenye kisiwa cha baridi. Mzee alikuwa na ubao wake na vipande vyake vya mti, na gazeti likifika kutoka Bukoba, limechelewa kama kawaida, alivipanga juu ya sanduku la sabuni na kuvisogeza kama lilivyoandika. Wateja walisimama kumwangalia. Hakuna aliyeelewa, lakini kila mtu alikuwa na la kusema.

Wakaanza kubashiri. Kila aliyetaka alitia kahawa za kutafuna, zile tunazomkaribishia mgeni, katika kimoja cha vikapu viwili vidogo juu ya meza ya duka. Kikapu kimoja cha Mrusi, kingine cha Mmarekani. Watakaobashiri sawasawa watagawana zote.

Mchezo wa kwanza Mmarekani akashindwa. Wa pili hakutokea kabisa. Alisema mahali hapamfai, akahesabiwa ameshindwa. Habari hiyo ilipotangazwa baraza nzima ililipuka kwa kicheko. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mnene mwenye utani mwingi, akanigeukia.

"Mae! Kumbe unao ndugu huko ng'ambo! Wewe nawe si ulishindwa kikao cha kwanza, cha pili ukasusa?"

"Mpisheni Mmarekani apite," mwingine akadakia, nami nilikuwa nimekaa tu.

Mwenye duka alitikisa kichwa. "Huyu kwisha. Bingwa ukishampa michezo miwili ya bure humkamati tena. Mrusi atashinda."

Watu wakamimina kahawa zao kwa Mrusi, balozi akitangulia. Hata aliyekuwa ameweka kwa Mmarekani alizihamisha, na hakuna aliyemzuia. Kwetu desturi ni moja, iwe kesi au mchezo wa kokoto: ukiondoka penye ubao umetoa ushindi. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu anayeweza kukataa mahali bila kukataa mchezo.

Niliinuka nikachukua kahawa moja kutoka katika kifuko changu, nikaitia kwenye kikapu kitupu.

"Unaujua mchezo wenyewe?" balozi aliuliza.

"Siujui, waitu," nilimjibu kwa heshima ya kwetu.

"Sasa unabashiri kwa nini?"

"Atarudi. Na akirudi atashinda."

"Binti, nchi inajenga ujamaa, wewe unamshabikia bepari!"

"Sishabikii ubepari. Nimeweka kahawa."

Walicheka sana. Jina la Mmarekani likanishika tangu siku hiyo. Mimi sikucheka. Nilijiambia kwamba kama nitakaa nikisubiri redio iniambie kitu, wadogo zangu watakuwa wameshagawanywa. Kesho yake nilimwachia mdogo wangu wa kike njugu mawe, nikaenda Kanazi kwa mkuu wa ukoo. Nilipiga magoti mlangoni kwake, nikamwamkia, nikasema maneno niliyokuwa nimeyarudia njia nzima.

"Sikukataa kikao, waitu. Nilikataa mahali. Njooni mkione kibanja, mtembee mipaka. Mkikuta kimekufa, tugaweni."

"Tutakuja kahawa ikishavunwa," alisema. "Na baba yako mdogo atakuja na muhoro."

Basi nikawa na majuma hayo tu. Muhoro hatukuwa nao, na baba mdogo alijua kwamba bila huo tutashindwa. Tulikata majani makavu ya migomba kwa kisu cha jikoni kilichofungwa kwenye mti. Wavulana walibeba nyasi kutoka mbugani, tukatandaza chini ya migomba mpaka udongo haukuonekana. Palipokauka milamula, ile mimea ya mpakani, tulipandikiza mingine mbele ya jirani, ili asije mtu akasema tumesogea. Tulichuma kahawa nyekundu peke yake. Jioni mmoja wao akilia amechoka, nilimwambia alie huku akibeba.

Nikipita dukani walinipa habari kabla sijauliza. Mmarekani amerudi kwenye ubao. Ameshinda mmoja. Amelingana. Amepita. Mwenye duka alikuwa akikuna kichwa juu ya sanduku la sabuni, akisema mambo ya vipande vyake vya farasi na tembo. Watu sasa walitaka kuhamishia kahawa zao kwangu, akafunika vikapu kwa viganja. "Hapana. Kilichowekwa kimewekwa."

Siku ya mwisho redio ilisema Mrusi amepiga simu kukubali kushindwa. Hakuja kukaa kwenye ubao.

"Hiyo si haki," balozi alisema. "Kushinda mtu asiyekuwepo?"

"Amekubali mwenyewe," mwenye duka alimjibu. "Akija, asije, imekwisha." Akanimiminia kikapu kizima cha Mrusi ndani ya kanga, na juu yake ile moja yangu.

Wazee walikuja kahawa ilipoisha mitini. Balozi alikuwepo kama shahidi. Walitembea mipaka, mkuu wa ukoo akisukuma nyasi kwa fimbo aone kama chini yake kuna magugu. Baba mdogo hakuonekana. Tulisubiri mpaka kivuli cha nyumba kikafika uani, ndipo mke wake alipotokea peke yake, na kitu kirefu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Aliufungua muhoro, akauweka chini mbele ya wazee, macho yakiangalia pembeni.

"Amesema nini?" mkuu wa ukoo aliuliza.

"Amesema amesikia kibanja kilivyo. Hana neno."

Mzee mmoja alinung'unika kwamba kesi haiwezi kuisha mwenyewe hayupo, tuahirishe. Niliona majuma yote yale yakitaka kuteleza tena kuelekea Kanazi. Balozi akakohoa.

"Wazee wangu, muhoro umefika. Sisi huku Nshamba jambo hili tumeshabishana nalo barazani mpaka likaisha. Akija, asije, imekwisha."

Mkuu wa ukoo hakuuliza baraza gani. Aliuokota muhoro, akaugusisha kiganjani kwa mdogo wangu mrithi, kisha akaniwekea mimi mikononi niutunze mpaka mtoto akue. "Kaeni hapa wote wanne," alisema. "Sasa tukaribishe. Au nyumba hii haina kahawa?"

Nilikuwa nayo. Niliingia ndani nikatoka na kikapu kimejaa, nikapiga magoti nikampa kila mmoja. Balozi alipotia ya kwanza mdomoni, alinikonyeza. Alizitambua. Zilikuwa zake.