Sikio la Aniello

Aniello Cirillo wa Boscotrecase alikuwa na sikio moja tu la maana, maana la kushoto lilizibwa utotoni na fataki za sherehe ya mtakatifu wa mji wao. Hilo la kulia lilimlisha miaka thelathini na minane. Wenzake wafukuaji wa magofu ya kale walichimba kwa macho; yeye aligonga jivu lililoganda kwa mpini wa mwiko wake wa kufukulia, akainamisha kichwa, akasema, "Hapa pana uwazi." Basi hakuna aliyegusa sururu. Watu waliofunikwa na jivu la mlima wa volkano uliolipuka karibu miaka elfu mbili iliyopita walikwisha kuoza zamani, wakaacha maumbo yao matupu ndani ya jivu. Ukimimina plasta taratibu humo, ikiganda wanarudi na sura zao. Ukivunja, umewapoteza mara ya pili.

Tangu Pasaka sikio hilo nalo lilikuwa likififia. Aliyejua ni mkewe Titina, aliyechoka kupaza sauti mezani.

"Waambie, bwana wee. Watakuweka getini uwakatie watalii tiketi. Hutakufa."

"Nitakufa," alisema Aniello, na hakuwa akitania.

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Jumanne, jikoni mwa nyumba waliyokuwa wakiifukua, Aniello aligonga ukuta wa jivu. Kimya. "Pamejaa," akasema. "Chimba." Ornella, mwanaakiolojia msimamizi, ambaye Aniello mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mwiko, akachimba. Ncha ya mwiko ikazama. Likabaki tundu la kidole gumba, na giza nyuma yake.

Aniello akaketi vumbini. "Sisikii tena, mwanangu. Nilikuficha. Nipeleke getini."

Ornella akamwinamia karibu kabisa. "Mjomba, mwezi mzima nakuuliza habari za plasta, unanijibu habari za nyanya za bustani yako. Unadhani sijui?"

"Ukaniacha nigonge?"

"Ukienda kula, narudia kugonga mwenyewe. Leo nimefanya uvivu. Kosa ni letu wawili. Inuka ukoroge plasta, hakuna mwingine anayeijua."

Wakaimimina kupitia tundu lilelile. Ijumaa walipobandua jivu, kulikuwa na umbo la kigoda, lote plasta, na juu yake kikapu ambacho ungeweza kuhesabu ukindu wake mmoja mmoja. Kwenye mguu mmoja wa kigoda palikuwa na kovu pale mwiko ulipozama. Aniello alilipapasa kwa muda mrefu, kwa aibu na mapenzi.

Kisha Ornella akamvuta hadi ukuta wa pili, akakibandika kiganja cha Aniello kwenye jivu, akagonga pembeni yake kwa mpini. Aniello akafumba macho. Jivu lilitetema kidogo chini ya vidole, kama ngozi ya ngoma juu ya uwazi.

"Wekeni sururu chini," akawaambia wote. "Hapa pana mtu."