Koti la Vifungo Vitano

Baba mdogo aliniuliza swali moja tu, nami sikulijua jibu. Ningesema sijui, koti lake lingekuwa mgongoni mwake hadi leo.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba raia wenye mavazi ya jeshi, au yanayofanana nayo, wayasalimishe. Nilikuwa nimekwenda Mpui kumsalimia, tumekaa jikoni karibu na moto, maana Juni ya Ufipa haina masihara. Alikuwa amevaa koti zito la sufu alilostaafu nalo jeshini, lenye vifungo vitano vya shaba. Sare zimebadilika mara kadhaa tangu enzi zake. Askari wa leo angeliona koti lile angedhani ni la mlinzi wa ghala la mahindi. Lakini yeye kila alfajiri alinyoa ndevu kwa maji baridi, akalivaa, akaenda kuangalia ulezi wake.

"Msomi," akaniambia, "na hili limo?"

Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonifundisha kutamka "sijui" mbele ya mtu anayenisikiliza. Nikakunja nne, nikaeleza sheria, nikagusia usalama wa taifa. "Limo," nikahitimisha.

Mama mdogo akaangua kicheko. "Yaani mhalifu mwenyewe ndiye huyu? Hata kuku hawamwogopi!"

Mwenyewe hakucheka. Alilivua, akasugua vifungo kwa majivu hadi vikang'aa, akalikunja kama linakwenda kukaguliwa. Nikajitolea kulipeleka kituo cha polisi mjini, kwa kuwa nilikuwa na gari. Akachana karatasi ya daftari. "Jeshini kitu hakitoki mkononi bila saini." Nikaandika kwa mbwembwe: nimepokea koti moja, vifungo vitano, kwa niaba ya serikali. Niliona ni utani mzuri.

Koti lilikaa kiti cha nyuma cha gari wiki tatu. Kila nilipopita kituoni nilikuwa na haraka, na abiria niliowapa lifti walilikalia. Siku nilipolifikisha hatimaye na kueleza ni la nani, askari wa zamu alilinyanyua kwa vidole viwili.

"Mzee, mtindo huu uliachwa kabla sijazaliwa. Sisi tunataka yale ya mabaka. Mrudishie babu wa watu, baridi yote hii!"

Niligeuza gari saa ileile. Nilimkuta baba mdogo amejifunika blanketi, kidevu kimejaa mvi. Sikuwahi kumwona na ndevu tangu nizaliwe.

"Shikamoo, baba. Mbona hujanyoa?"

"Marahaba. Ninyoe nikaguliwe na nani? Sasa mimi ni raia."

Nikamweleza yote. Akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo siku ile hukujua."

"Sikujua, baba."

"Na ukaniambia limo."

Safari hii mama mdogo hakucheka. Aliendelea kusonga ugali kana kwamba mimi sipo, na nilitamani ningekuwa sipo kweli.

Baba mdogo akaingia chumbani, akarudi na miwani na ile karatasi yangu. Akalitandaza koti magotini, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Umesaini vifungo vitano. Hapa viko vinne. Pungufu sipokei."

Nilidhani ananitania. Akanikabidhi koti, akajivuta ndani ya blanketi lake.

Nimeng'oa viti vyote vya gari. Nimepata kalamu tatu na kiatu cha mtoto nisiyemjua. Fundi cherehani wa sokoni amenionyesha kopo zima la vifungo, kisha akaniambia kwa upole kwamba vya aina ile havitengenezwi tena. Koti linaning'inia kabatini kwangu, nami najipitisha mbali nalo kama mdeni.

Jana mama mdogo alipiga simu.

"Kifungo?"

"Bado, mama. Na ndevu?"

"Zimefika kifuani," akasema, akakata.