Shangazi Aliyeninyima Bugali

Nilifika Butembo juu ya lori la viazi, nikiwa na miaka kumi na tano na kilo ishirini na tisa. Miaka nilikuwa naijua mwenyewe. Kilo niliambiwa kesho yake. Dereva, mtu wa kanisa letu aliyeniokota njiani Kayna, alinishusha kwa mkono mmoja kama mtu anayeshusha kikapu kitupu, akamwambia shangazi yangu, "Mama, nakuletea mutoto wa kaka yako. Njia yote amekunywa maji tu."

Ilikuwa katika vita vile vya pili, nchi ilipokatwa vipande, kila kipande na wakubwa wake wenye bunduki. Kwetu Luofu, siku waliyoingia, mimi nilikuwa shamba la mbali navuna maharage, na mama alikuwa nyumbani. Yeye alikimbilia upande wake, mimi wangu. Baba alikuwa amekufa zamani, na mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba na kitinda mimba wa nyumba ile. Miezi minne niliishi mashambani na bibi wawili wa kijiji chetu. Tulichimbua viazi vilivyosahauliwa udongoni, tukavila vibichi kwa kuogopa moshi usitufichue. Tulikula na majani ambayo hata wale bibi hawakuyajua majina. Nywele zangu zikageuka rangi ya nyasi kavu. Damu ya mwezi ikakatika. Nikikaa juu ya jiwe, mifupa ilinichoma.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kila asubuhi aliuza uji wa mahindi na soya karibu na soko. Mume wake alikuwa mwalimu, mtu wa maneno machache. Walikuwa na binti wa umri wangu, na jioni ile aliponivalisha nguo yake ilinizunguka mara mbili.

Majirani walijaa nyumbani. Bugali ilikuwa mezani, inatoa moshi, na sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na samaki wa ziwani. Nilinyoosha mkono. Shangazi akaushika kabla haujafika.

"Hapana," alisema. "Huyu hapana kula bugali leo."

"Mais mama, mutoto iko nakufa na njaa!" jirani mmoja akapiga kelele.

"Njo sababu," shangazi alimjibu: ndiyo sababu yenyewe.

Akanipa uji mwepesi, nusu kikombe, akakaa mbele yangu mpaka nikaumaliza kwa kijiko. Binamu yangu alikuwa anachovya tonge kwenye sombe. Nililia, na machozi yakaingia ndani ya uji.

Kesho yake alinipeleka kituo cha afya. Muuguzi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipandisha kwenye mizani, akazungusha utepe kwenye mkono wangu, akatikisa kichwa.

"Tumbo yake imelala," alimwambia shangazi. "Hapana kuiamusha na fujo. Kidogo kidogo, lakini mara mingi. Na kila posho mumulete hapa nimupime."

Basi ikawa hivyo, na kila posho, yaani kila wiki, tulirudi kwenye mizani. Uji alfajiri, kabla wateja hawajaonja. Uji tena jua likipanda, wenye karanga iliyosagwa. Kipande cha avoka. Mchuzi. Uji. Yote kwa vipimo vidogo, kama dawa. Watu wengine wangeona upendo. Mimi niliona ubahili. Nilijiambia kwamba shangazi ananihesabia kwa sababu mimi si wake.

Siku ya sita, shangazi yuko sokoni na binamu yuko shuleni, niliingia jikoni mchana kweupe. Nilikuta sufuria ya maharage na bugali ya jana, baridi, ngumu kama jiwe. Nilikula nimesimama, bila kutafuna sawasawa, mpaka nikaona chini ya sufuria.

Kabla jua halijashuka, miguu yangu ilikuwa imevimba, na moyo unapiga kama unataka kutoka. Mume wa shangazi ndiye aliyerudi wa kwanza na kunikuta chini. Alinibeba mgongoni akiwa na koti lake la kufundishia, lile moja alilokuwa nalo, akapita nami katika tope la mtaa, watu wanamwangalia mwalimu amebeba msichana kama mzigo wa kuni. Njiani nilimtapikia kwenye bega.

"Baba, koti…" nilisema.

"Si kitu. Koti inafuliwa."

Niliamka siku ya pili kwenye kitanda cha kituo. Shangazi alikuwa pembeni yangu, bado amefunga kitambaa cha sokoni.

"Ulizania nakunyima?" aliuliza.

Sikuwa na nguvu ya kusema uongo. "Ndiyo, shangazi."

Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa kanga. Akanieleza kwamba mwaka uliopita kanisa lao lilimpokea mwanaume mmoja aliyetoka porini, mkonde kama mimi. Wamama walishindana kumpikia: nyama, maharage, bugali, wali. Yeye mwenyewe alileta kuku. Siku ya tatu mtu yule akafa, sahani ikiwa mbele yake.

"Tulimuua na mapendo," alisema shangazi. "Wewe siwezi kukuua. Utanichukia, lakini utaishi."

Sijawahi kumchukia tena, hata siku moja.

Tulianza upya, na sasa nilikuwa nanywa ule uji kwa moyo wangu wote. Mume wa shangazi alikuwa anafuga simbiliki jikoni, wale wanyama wadogo kama panya wasio na mkia, wanaolia wakisikia mtu anakata majani. Alianza kuchinja mmoja kila Jumamosi kwa ajili ya mchuzi wangu. Binamu yangu alinung'unika siku alipochinjwa yule wa madoa aliyempenda, ila mchana uleule alikaa nami, akatafuna polepole makusudi ili nami nitafune polepole. Mwezi wa pili niliruhusiwa bugali. Tonge la kwanza nililishika muda mrefu bila kulitia mdomoni. Nyumba yote iliniangalia mpaka nilipolimeza, halafu shangazi akapiga kigelegele.

Kisha mizani ikakwama. Posho mbili sikuongezeka kitu. Ya tatu nikapungua. Muuguzi alitazama macho yangu, ulimi wangu, akauliza kama naharisha. Hakupata jibu. Jibu alilipata shangazi, alipoinua mkeka wangu ili afagie. Chini yake kulikuwa na viazi vya kuchemsha, vikavu, vingine vimeota ukungu, na vipande vya bugali katika jani la ndizi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mama."

"Mama yako iko wapi?"

"Sijui, shangazi. Lakini kama yeye hakukula, mimi nitakula namna gani?"

Nilingojea anigombeze. Alikaa chini kwenye mkeka, fagio mkononi.

"Sikia," alisema. "Kuanzia leo, tutapakua sahani ya mama yako. Utaipeleka kwa bale bamama ba wakimbizi bako kwenye kiwanja ya kanisa. Mungu anajua njia ya kumufikishia. Mais ile ya kwako ni ya kwako. Umesikia?"

Nilisikia. Kila jioni, kabla giza halijaingia, nilipeleka sahani ile kwa wakimbizi wa pale kanisani, na nikirudi nilikula yangu yote. Mizani ikaanza kupanda tena.

Wiki ya tatu hivi, sahani niliipa mama mmoja aliyekuwa amefika siku hiyohiyo kutoka Beni. Alikula kwanza. Kisha akaniuliza kwetu ni wapi, na baba yangu alikuwa nani. Nilipomtajia akaweka kijiko chini.

"Mama yako nilimuacha Beni," alisema. "Anakamua mafuta ya ngazi kwa watu. Anajua wewe ulikufa. Ameshakulilia."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba kesho yake shangazi hakwenda kuuza uji, na tulikuwa nyuma ya gari dogo lililobeba vitunguu. Kwenye kizuizi askari alituuliza kwa Lingala, "Mama, bokei wapi?" Shangazi akamjibu, "Tunapeleka mutoto kwa mama yake." Yule askari alinitazama, akainua kamba bila kutuomba kitu.

Beni ilikuwa na joto. Mimi niliyezoea ukungu wa Butembo nilitoka jasho kabla ya kushuka. Tulimkuta mama kwenye uwanja wa kukamulia, mikono myekundu ya mafuta mpaka viwikoni. Alimwona shangazi kwanza, na hapohapo akaanza kulia, maana alidhani amekuja kuthibitisha msiba. Mimi hakunitambua. Katika mawazo yake nilikuwa mtoto mkonde aliyekufia porini, na mbele yake amesimama msichana mwenye mashavu.

"Mama," nilisema.

Akaanguka juu yangu na mafuta yake yote.

Tulipotulia ndipo nilipomwangalia vizuri. Alikuwa amenona kuliko alivyowahi kuwa Luofu! Waajiri wake walimlisha vizuri, na mafuta hayakukosekana. "Mimi nilikuwa nakufichia viazi chini ya mkeka," nilimwambia kwa hasira ya kweli, "na wewe uko nakula hivi?" Shangazi alicheka mpaka akashika mti, na mama akacheka huku analia.

Kisha mama akapiga magoti mbele ya wifi yake, katika tope la makapi ya ngazi. "Wasingya, yaya," alisema. Asante, dada mkubwa, kwa lugha yetu. Alilisema tena na tena, na shangazi akamvuta mkono asimame.

Mimi nilibaki Beni na mama. Baadaye nikatimia kilo arobaini na sita, damu ya mwezi ikarudi, nikarudi shuleni. Lakini shangazi aliondoka asubuhi iliyofuata siku ile ya kukutana, na kutoka juu ya gari bado alikuwa anampa mama maagizo.

"Mara tano kwa siku! Kidogo kidogo! Hapana kumuonea huruma!"

"Ndiyo, yaya," mama alimjibu, akitembea pembeni ya gari lililoanza kuondoka, mkono wake bado umeshika ubao wa ubavuni.