Hodi Kumi na Moja

Marlys Pruett aliingia jikoni kwangu na sanduku la viatu lililojaa karatasi, akalitua mezani palepale nilipokuwa nasukuma unga wa biskuti.

"Bi Fern, wewe ulikuwa karani wa mahakama. Niandikie."

Nilikuwa karani, ndiyo. Miaka ishirini na saba katika mahakama ya wilaya yetu, huku milima ya Ozark, mpaka magoti yakaniambia basi. Na kwa kuwa nilikuwa karani, najua kwamba asiye wakili haruhusiwi kumshauri mtu juu ya kesi yake. Anaweza kumpigia chapa maneno yake, akaishia hapo. Hilo nalijua kuliko ninavyozijua sala zangu. Nikanawa mikono, nikaitoa mashine yangu ya chapa.

"Nataka jaji amzuie mama mkwe wangu," alisema. "Asije kwangu na asinitumie watu. Asipozuiwa, siku moja watakuja wawachukue wanangu."

Mume wake, Garrett, aliangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao majira mawili ya baridi yaliyopita. Alimwachia Willa, sasa ana miaka tisa, na Amos wa miaka mitano. Marlys anawasomesha nyumbani, kama wafanyavyo wengi huku, na sheria ya jimbo inamruhusu. Inataka saa elfu moja za masomo kwa mwaka, zimeandikwa kwenye daftari siku kwa siku. Daftari lake nililiona. Mimi nimesoma mafaili ya watu maisha yangu yote, na sijaona safi kama lile.

Mama yake Garrett ni Oleta Pruett, mwalimu wa darasa la nne katika shule ya mji kwa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya wilaya imepita mikononi mwake, Marlys akiwemo. Kwenye ukuta wa shule ile bado ipo picha ya Garrett na timu yake ya mpira wa kikapu. Oleta alitaka wajukuu wapite chini ya picha ile kila asubuhi. Hakuwa na mtoto mwingine. Namwelewa, na bado ningependa kumtia kibao.

Siku moja nje ya kanisa nilimsikia kwa masikio yangu.

"Watoto wa Garrett hawatakuwa mbumbumbu kwa sababu wewe unapenda kushinda na pajama," alimwambia Marlys, huku anatabasamu kwa ajili ya mchungaji.

"Willa anasoma vitabu vya darasa la sita, mama."

"Nilikufundisha hesabu, mwanangu. Najua unachoweza kumfundisha mtu."

Baada ya hapo simu zikaanza. Huku kwetu yeyote anaweza kupiga simu ya ustawi wa watoto, na jina lake halitajwi. Mtu wa ustawi akaja na askari wa sherifu. Wakafungua friji na kutazama vitanda. Wakawapandisha watoto mashati waone migongo. Wakaandika hakuna kibaya, wakaenda. Baada ya wiki tano wakarudi. Mara kumi na moja katika miezi kumi na minne, na kila mara neno jipya: mara hakuna chakula, mara mtoto ana alama za kupigwa, mara mama anakunywa.

Mara ya saba, mtu wa ustawi aliuliza, "Ni kweli msichana analala na koti la marehemu baba yake?"

Marlys alikuwa amemwambia jambo hilo mtu mmoja tu duniani, mama mkwe wake, tena kwa machozi, akidhani wanalia pamoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tuliandika siku tatu. Nilikuwa mkali naye. "Sheria haitaki ulivyojisikia, inataka tarehe. Uliona nini? Saa ngapi? Nani alisimama wapi?" Alijibu kila kitu kwa sauti ndogo, na kila gari lilipopita barabarani kwangu alinyamaza katikati ya neno mpaka lipotelee mbali. Aliniambia hafungui bomba kwa nguvu tena, maji yasije yakamficha mlio wa kokoto chini ya magurudumu. Aliniambia usiku anasikia hodi, anashuka ngazi, hakuna mtu. Ndege kigogota akigonga ukuta wa nyumba yake mchana, watoto wanakauka kama maiti. Siku ya pili jioni, alipokwisha kuondoka, nilisikia hodi na mimi. Nikafungua. Hapakuwa na mtu, na nilisimama pale kizingitini nikisikiliza barabara, mwanamke mzima wa miaka sabini.

Siku ya tatu akaniambia lile la sungura.

Wanaosomesha nyumbani huku kwetu wana desturi moja ambayo haijaandikwa popote. Watoto hawachezi nje kabla ya saa tisa alasiri, mpaka basi la manjano la shule lipite, jirani asije akahesabu vichwa na kuuliza maswali. Ni woga tu wa kawaida, kila nyumba inao. Marlys aliuvusha mpaka. Akisikia kokoto, anasema "Sungura!" Willa anamshika Amos, wanaingia chini ya ngazi, anamziba mdomo kwa kiganja, wanakaa mpaka mama aseme. Siku moja walikaa dakika hamsini. Aliyekuja alikuwa mtu wa kujaza gesi. Amos alijikojolea, na hakulia, maana hulii ukiwa sungura.

Nikaondoa vidole kwenye mashine. "Hilo tusiliandike."

"Lakini ndilo linaloniuma kuliko yote, Bi Fern."

"Linakuuma wewe, ila Oleta litamfaa. Atasema umewatia watoto wazimu."

Marlys akaitikia kwa kichwa, akala kiapo mbele ya mthibitishaji wa hati, tukapeleka hati mahakamani bila mstari ule. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Methali hiyo nimewaambia wenzangu mara mia, na siku ile sikujiambia mwenyewe.

Mahakamani Oleta alikuja na gauni la buluu, bila wakili. Alisimama wima.

"Nilipiga simu. Zote kumi na moja. Na nitapiga tena."

"Mara ya tisa ulisema mkamwana wako anakunywa pombe," alisema jaji. "Uliona?"

"Mheshimiwa, mjane wa miaka thelathini na mbili, amejifungia porini. Sihitaji kuona."

Jaji akaandika. Akasema atazungumza na Willa ofisini kwake, na kwa kuwa Amos hakukubali kuachia mkono wa dada yake, wakaingia wote wawili. Mimi nikaambiwa niingie nikae nao, kwa kuwa wamenizoea. Jaji alimuuliza Willa juu ya vitabu, naye alijibu vizuri, anachekacheka. Nikaanza kupumua.

Ndipo askari akaja na maji ya matunda, akabisha mlango kwa ngumi, kama wanavyobisha askari.

Sikumwona Willa akiondoka kwenye kiti. Nilichoona ni viti viwili vitupu. Walikuwa chini ya meza ya jaji, yeye amemkumbatia Amos, kiganja mdomoni mwake, macho ya wote wawili yamefumbwa. Jaji akapiga magoti kwenye zulia na joho lake.

"Mnamficha nani, binti?"

Willa alizidi kumbana Amos, na dakika zikapita. Jaji hakuinuka, naye askari alibaki mlangoni na glasi mbili mkononi, uso umemshuka.

Tuliporudi ukumbini jaji alisimulia alichokiona. Oleta akageuka. "Mmeona alichowafanya?"

Marlys akasimama. "Ni kweli. Nimewafundisha mimi. Niliogopa, nikawapa woga wangu waushike."

"Kwa nini halimo katika hati ya kiapo?" aliuliza jaji.

Sasa ananitaja, nilijiambia, na ningestahili.

"Niliona aibu, mheshimiwa," alisema. Hakugeuza hata shingo upande wangu. Nimeona watu wengi wakila kiapo, na uongo ule mmoja ndio uliowahi kunitoa machozi mahali pale.

Jaji alitoa amri ya zuio ya mwaka mmoja. Oleta asikaribie nyumba, asipige simu ya uzushi, asitume mtu. Kwa Marlys akasema, "Na wewe, mama, mchezo ule uishe leo." Akaamuru watoto waletwe, awaambie mwenyewe, wasije wakasikia kwa watu.

"Hakuna atakayekuja kubisha kwenu vile tena," aliwaambia. "Bibi yenu nimemwambia asije."

Willa alitazama benchi alikokaa bibi yake. Hakuna aliyewahi kumwambia nani alikuwa akipiga simu zile. Marlys alikuwa amemficha hilo miezi yote kumi na minne, kwa kuwa mtoto alimpenda bibi yake.

"Bibi? Hata Krismasi?"

Oleta alifungua mdomo. Jaji akamwinulia mkono, na alikuwa na haki, maana amri ilikwisha kuanza kazi. Basi yule mwalimu aliyewanyamazisha watoto wa wilaya nzima akakaa kimya, amelibana begi mapajani.

"Hata Krismasi, mwanangu," alisema Marlys.

Kwenye ngazi za nje Marlys aliniuliza kama amri ikishatolewa inaweza kulegezwa. Nikamwambia inaweza, kuna fomu, na aliyeiomba ndiye anayeijaza. Nikamwambia ninayo nyumbani, aje aichukue siku yoyote.

Krismasi imepita, huu ni mwezi wa tatu wa mwaka mpya. Fomu bado ninayo.