Nilivyoisifia Zana Yangu

Niseme ukweli: nilimwonea wivu mwenzangu tangu siku ya kwanza ofisini. Tulikulia mtaa mmoja Bagara, tukakaa dawati moja mpaka kidato cha nne. Kisha yeye akaenda chuo kikuu, mimi nikabaki najifunzia kompyuta kwenye duka la kuchapisha karatasi karibu na stendi. Tukaja kukutana tena katika ofisi hii, ghorofani juu ya duka la mbolea, yeye na shahada yake, mimi na ndoto zangu. Na nywele zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Hilo nalo liliniuma.

Kampuni yetu ndogo inatengeneza programu za simu. Mtu akibadilisha kitu, kompyuta zetu huijenga programu upya na kuipima. Siku hizi anayezisimamia kompyuta hizo ni wakala wa akili mnemba, programu inayojiamulia kazi yenyewe. Yeye haoni zana zake, yaani programu ndogondogo anazotumia, kwa macho kama fundi anavyoona nyundo; anasoma maelezo mafupi tuliyomwandikia, zana inafanya nini na itumike lini, basi, anachagua. Bosi alitaka maelezo yawe ya Kiswahili ili sote tuyakague.

Mwenzangu aliandika maelezo ya zana inayosoma kumbukumbu za ujenzi uliogoma, yaani taarifa ambazo kompyuta huziandika ikijenga, na kutaja sababu. Mimi nilipewa zana ya kufuta vilivyojengwa zamani, nafasi ikijaa. Ukutani kuna skrini inayoonyesha zana ambayo wakala ameishika. Yake ilitokea kutwa nzima. Yangu mara moja, asubuhi, kama mfagizi.

"Maelezo yako yamenyooka," bosi alimwambia mbele yangu. "Hata bibi yangu kule Mutuka angeelewa."

Nikacheka pamoja nao.

Asubuhi moja mwenzangu alipotoka kunywa chai, nilifungua maelezo yangu nikayapamba kama wale wauza dawa wa mnadani: "Zana bora, ya kuaminika. Ujenzi wowote ukigoma, anza na hii." Nilijiambia sijadanganya. Kufuta kila kitu na kuanza upya kweli kunaponya baadhi ya matatizo. Yale ambayo hakuyaponyi sikuyaandika.

Haikuchukua muda, zana yangu ikaanza kutokea ukutani! Nilinunulia ofisi nzima maandazi.

"Una nini leo?" mwenzangu aliuliza. "Umechumbiwa?"

"Bado. Wewe kula tu, dada."

Siku hiyohiyo mwenzangu alikuwa awaonyeshe wateja programu saa nane mchana. Sote wawili tulikuwa wa majaribio, na bosi alishamwambia kwamba ikienda vizuri atapata mkataba wa kudumu. Saa sita, ujenzi ukagoma kwa kosa dogo. Wakala, badala ya kutafuta sababu, akashika zana yangu akafuta. Ukagoma tena, akafuta tena. Likaondoka toleo la asubuhi lililokuwa tayari kwa wateja, zikaondoka na kumbukumbu zote, hivyo zana ya mwenzangu haikuwa na cha kusoma.

Yeye akadhani kosa ni lake. Alikaa anapitia maelezo yake mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo.

"Nimeandika vibaya wapi? Niambie tu, wewe unanijua."

Naona aibu kuandika hivi, lakini niliwaza: akianguka leo, bosi atanitazama mimi. Kisha chozi likamdondokea kwenye kibodi, akalifuta haraka kwa mkono wa sweta ili bosi asione.

"Si maelezo yako," nikasema. "Ni yangu. Niliisifia zana yangu ili nikupite."

"Unipite wapi?"

"Sijui. Pale ukutani."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Mjinga wewe. Sogea."

Tukayaandika upya maelezo yangu pamoja, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikichapa: "Inafuta vilivyojengwa na kumbukumbu zake, wala havirudi. Itumike nafasi ikijaa tu. Ujenzi ukigoma, usiitumie. Soma kumbukumbu kwanza." Tukaanzisha ujenzi upya. Ukagoma, wakala akasoma, akalitaja kosa, likarekebishwa. Lakini programu nzima ilibidi ijengwe kuanzia mwanzo, na wateja walisubiri hadi saa kumi.

Nilimsikia mwenzangu akiwaeleza, mlango ukiwa wazi: "Samahanini. Maelezo ya zana yetu moja hayakuwa wazi. Tumeyarekebisha."

Yetu. Hakunigeukia hata kidogo.

Kesho yake mimi mwenyewe nilimweleza bosi nilichofanya, akaniongezea muda wa majaribio. Mwenzangu alipata mkataba. Nilimkumbatia kwa furaha ya kweli, na wivu ulikuwemo humohumo. Safari hii nilimwonea wivu kwa ule moyo wa kusema "yetu" mbele ya wateja waliokasirika. Ingekuwa mimi, nadhani ningelitaja jina lake kabla hawajakaa.